Moyo wa wifi yangu, na eko iliyosema uko sawa

Wifi yangu alizaliwa kijiji kimoja karibu na Cochabamba, Bolivia, akalelewa katika nyumba ya matofali ya udongo mbichi iliyoezekwa nyasi. Alipopevuka alikwenda Italia kutafuta maisha, kama walivyofanya Wabolivia wengi ambao leo wamejaa mji wa Bergamo, akawa anatunza wazee majumbani mwao. Kakangu naye alifika huko kwa njia inayojulikana na kila mtu wa Malindi: alikuwa mhudumu wa hoteli, akajua Kiitaliano kuliko Kiingereza, akaalikwa, akaenda. Walioana huko, wakapata mtoto mmoja, na walipochoka na baridi wakarudi kujenga Muyeye, hapa Malindi.

Ugonjwa alio nao wifi hauko Kenya. Hilo si jambo la kujivunia, kwa sababu ndilo lililotuzungusha. Ugonjwa usiokuwako nchini hauulizwi na mtu, na wifi ana tabia ya kusema "niko sawa" hata akiwa ameshika ukuta asianguke.

Unaitwa Chagas. Umepewa jina la daktari wa Brazili, Carlos Chagas, aliyeugundua mwaka 1909. Unaletwa na kimelea aliye jamaa wa yule wa malale, lakini hapelekwi na mbung'o. Kule kwao kuna mdudu mweusi mwenye umbo kama kunguni aliyekua kupita kiasi, wao humwita vinchuca. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo na ndani ya mapaa ya nyasi, usiku hushuka kunyonya damu ya aliyelala, mara nyingi usoni. Akishiba huacha kinyesi papo hapo kwenye ngozi, na kimelea wamo kwenye kinyesi hicho. Mtu akijikuna, au akipikicha macho, huwaingiza mwenyewe. Mtoto anaweza kupata homa kidogo au jicho moja kuvimba, kisha kukapoa na watu wakasahau. Wifi hakumbuki hata siku moja ya kuugua utotoni.

Anachokumbuka ni wadudu wenyewe. Kakangu alikuwa amemjengea nyumba ya makuti, ile ya kupendeza, yenye dari wazi na upepo wa bahari ukipita. Usiku wa kwanza bibi harusi alipanda juu ya meza na tochi, akawa anamulika kuti kwa kuti. Mamangu alidhani ni maringo ya mtu aliyetoka Ulaya. Majirani wakasema huyu hatakaa. Mimi ndiye niliyemuuliza, maana nimefanya kazi mapokezi hotelini miaka mingi na Kiitaliano changu kinatosha, akanieleza habari za paa la kwao na alama alizokuwa akiamka nazo shavuni. Nikamwambia makuti ya kwetu yana mijusi, panya na pengine nge, lakini vinchuca hana. Akaelewa. Hata hivyo kakangu alikuja kubadilisha chumba cha kulala akaweka mabati na dari ya mbao, na joto la mwezi wa pili tukalivumilia sote tulipomtembelea.

Kule Bergamo waligundua ugonjwa alipokuwa mjamzito. Kliniki ya wajawazito ilimuuliza amezaliwa wapi, na alipotaja Bolivia wakampima damu. Mama anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, ndiyo sababu ya kuuliza. Dawa hakupewa wakati ule kwa kuwa haifai mimba. Mtoto alipimwa alipozaliwa, akapimwa tena alipokaribia mwaka, wakati kinga aliyoazima kwa mamake imekwisha mwilini, akaonekana hana kitu. Alipomaliza kunyonyesha, wifi alimeza benznidazole, dawa ya kuua kimelea hao, kwa siku 60. Anasimulia muwasho wa dawa ile mpaka wewe mwenyewe unaanza kujikuna. Moyo wake ulipimwa, kipimo cha umeme kikatoka kizuri, akaambiwa arudi kila mwaka kuangaliwa.

Hapo ndipo pa kuangalia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 7 wana kimelea hawa, wengi wao Amerika ya Kusini na ya Kati, na wengi wataishi mpaka uzee bila moyo kuwasumbua. Lakini watu kama watatu katika kila kumi, baada ya miaka kumi, ishirini, hata thelathini, moyo huanza kuharibika. Kwa hiyo "kila mwaka" haikuwa adabu tu ya daktari. Nao walipohamia Malindi, faili ilibaki kwenye sanduku pamoja na makoti ya baridi.

Mambo yalianza na kizunguzungu jikoni. Kisha moyo kupiga mbio ghafla, kama dakika moja, halafu kutulia wenyewe. "Wanirukaruka, kisha wakata, kisha warudi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. Zahanati ya kwanza ilimpima malaria. Ya pili ikampa dawa za vidonda vya tumbo. Ya tatu ikasema ni presha ya kushuka, anywe maji na chumvi. Mamangu, ambaye sasa alikuwa ameshampenda kupita sisi tuliozaliwa naye, alisema ni husda ya watu, akamsomea Yasini, naye wifi, Mkatoliki, akiwa ameshika rozari yake mkono wa pili. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Ubaya ulikuwa kwamba alizimia siku moja akiwa kwenye tuktuk, na dereva akaendelea kuongea naye mpaka karibu na soko kabla hajageuka.

Tulimpeleka Mombasa. Kituo kimoja cha binafsi kilimpima umeme wa moyo na eko, ile picha ya mawimbi ya sauti. Cheti kikaandika kuwa moyo unasukuma nje asilimia 58 ya damu inayoujaza kila pigo, nayo asilimia hiyo ni ya mtu mzima wa afya. Karatasi ya umeme ilikuwa na mstari mmoja wa maneno kuhusu njia ya kulia ya umeme wa moyo kuziba, lakini aliyetusomea aliupita haraka. "Moyo mzuri, mama. Punguza mawazo." Tukarudi Malindi kwa matatu na furaha yetu, tukapitia Kilifi kununua korosho.

Kakangu hakuridhika, na namsifu kwa hilo. Alifungua lile sanduku la makoti, akatoa faili ya Bergamo, akanipa nimtafsirie ukurasa kwa ukurasa. Mle mlikuwa na maelezo ambayo laiti tungeyabeba mapema tungejua kwa nini eko nzuri haikuwa jibu.

Nitayasema nilivyoyaelewa, na baadaye daktari aliyasahihisha mawili matatu. Kimelea wa Chagas huingia ndani ya seli za msuli wa moyo na kukaa. Kinga ya mwili huwafuata humo. Vita hivyo huwa vidogo lakini haviishi, na katika miaka mingi seli moja moja hufa, hapa na pale. Msuli wa moyo si kama ngozi ya goti, hauoti tena vizuri. Mahali pa seli zilizokufa mwili hujaza nyuzi ngumu, yaani kovu. Kovu halijikunji, kwa hiyo halisaidii kusukuma damu. Na tena halipitishi umeme wa moyo inavyotakiwa.

Swali lililotusumbua ni hili: ikiwa kuna makovu, mbona asilimia 58? Fikiria mashua ya makasia yenye watu kumi na wawili. Wawili wakilegea mikono, waliobaki hukaza, na aliyesimama ufuoni akitazama mwendo hataona tofauti. Eko ya kwanza ilipima mwendo wa mashua. Haikuhesabu wapiga makasia.

Daktari wa pili, Mombasa hiyohiyo, alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia. Kabla hajagusa mashine akauliza, "Mama umezaliwa wapi?" Nikahisi machozi, sijui kwa nini. Nilipomtajia Chagas alinyamaza, akasema hajawahi kumwona mgonjwa wake, amesoma tu, akaomba dakika chache. Alitoa simu akasoma mbele yetu bila haya. Mimi ningempa mgonjwa wangu yeyote daktari wa namna hiyo kuliko yule anayejua yote.

Kisha akapima. Alikaa sana kwenye ncha ya moyo, kule chini kabisa, akiusogeza mkono wa mashine kati ya mbavu na kuulaza upande, akimwambia wifi ageukie kushoto, avute pumzi, aishike. Akatugeuzia kioo. Moyo wote ulikuwa ukijikunja vizuri, ila kwenye ncha palikuwa na kijifuko kidogo kama ncha ya kidole, na kila moyo ulipobana, chenyewe kilituna nje badala ya kuingia ndani. Tena ukuta wa chini upande wa nyuma ulikuwa mvivu. Akasema sehemu hizo mbili ndizo Chagas huzipenda, na kwamba ncha ni rahisi kuikosa kama anayepima hana sababu ya kuitafuta. Alitafuta pia kama mna bonge la damu ndani ya kile kijifuko, maana damu ikituama huganda, na kipande kikichomoka kikapanda kichwani ni kiharusi. Hapakuwa na kitu. Halafu akatumia programu ya mashine inayofuata jinsi nyuzi za msuli zinavyofupika, si damu ngapi imetoka, na huko namba zikatoka chini ya kawaida. Asilimia ilibaki ileile, hamsini na kitu.

Ile karatasi ya umeme aliisoma upya. Njia ya kulia ya umeme imeziba, na tawi moja la njia ya kushoto pia. Viwili hivyo pamoja, kwa mtu aliyekulia Bolivia, akasema, peke yake vingetosha kumzuia mtu asiende nyumbani.

Akavishwa Holta, kirekodi kidogo kinachofungwa kiunoni na nyaya zikibandikwa kifuani kwa saa 24. Anayeishi Pwani ajue kuwa jasho ndilo adui wa kipimo hiki. Stika zilianza kubanduka tukiwa bado njiani. Tulilala kwa shangazi Mombasa, tukamweka chini ya feni, nami nikawa nampangusa jasho kando ya stika kwa leso na kuzikandamiza kwa plasta ya dukani. Tulipewa daftari la kuandika kila anachohisi na saa yake. Niliandika mimi: saa mbili usiku, kapanda ngazi, hakuna kitu. Saa nne na robo, amekaa anakula mkate wa sinia, moyo umeruka, macho yamefanya giza. Saa kumi alfajiri, amelala, hajui, lakini niliuona mshipa wa shingo ukipepea.

Kirekodi kilinasa vyote. Vyumba vya chini vya moyo vilikuwa vikijipigia vyenyewe, haraka mno, bila kungoja amri kutoka juu. Mara nyingi yalikuwa mapigo machache, lakini mruko ule wa saa nne na robo uliendelea kupita sekunde 30, nao madaktari huuweka kwenye fungu la hatari. Ndipo nikaelewa kazi nyingine ya kovu. Kwenye kingo zake hubaki visiwa vya msuli ulio hai katikati ya nyuzi zilizokufa. Umeme ukifika hapo hupita polepole, huzunguka, na ukirudi ulikotoka hukuta njia iko wazi, basi huzunguka tena na tena. Moyo unaosukuma vizuri kabisa saa nne unaweza kusimama saa nne na robo kwa sababu ya kipande cha kovu kisichozidi ncha ya kidole.

Picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku, ilifanywa Nairobi. Kwanza wanapima figo, kwa sababu ya dawa ya gadolini wanayodunga mshipani. Dawa hiyo huingia msuli wote, lakini kwenye msuli mzima hutoka upesi na kwenye kovu hukawia, hivi kwamba baada ya kama dakika kumi kovu linang'aa jeupe na msuli unabaki mweusi. Taabu yetu ilikuwa pumzi. Mle ndani ya bomba unaambiwa kwa spika ushike pumzi, uachie, ushike, na wifi hakujua hata neno la Kiingereza. Nikamwandikia fundi maneno mawili ya Kiitaliano kwenye kipande cha karatasi, akayasoma kwa lafudhi ya Kikamba, na wifi akatuambia baadaye alikuwa akijizuia kucheka asiharibu picha.

Jeupe lilikuwa ncha nzima na ukanda wa ukuta wa chini nyuma. Nilipoliona nilishangaa jinsi lilivyokuwa na mipaka.

Kakangu aliuliza kile ambacho kila mtu angeuliza: kwa nini asimeze tena ile dawa ya kuua kimelea? Daktari alimjibu kwa utafiti uliotolewa mwaka 2015, wa wagonjwa 2,854 ambao tayari mioyo yao ilikuwa imeguswa. Benznidazole iliwapunguzia kimelea kwenye damu, lakini haikuzuia mioyo kuendelea kuharibika ikilinganishwa na waliopewa vidonge bandia. Dawa ina nguvu zaidi mapema, kwa watoto, na kwa wasichana kabla hawajashika mimba. Haifuti kovu lililokwisha kuumbika. Kilichobaki ni kulinda msuli uliosalia na kuzuia umeme usimuue.

Akawekewa kifaa chini ya ngozi ya kifua, kushoto, kinachosikiliza mapigo na kupiga shoti moyo ukipagawa. Bima ililipa sehemu, iliyobaki ikatoka kwenye mchango wa ukoo na ploti ya kakangu ya Mambrui. Kwa wiki kadhaa hakuruhusiwa kuinua mkono wa kushoto kupita bega, kwa hiyo kuanika nguo na kukanda chapati vikawa vyangu. Mpaka leo simu haiweki kifuani upande ule.

Dawa zake ndizo zilizotufundisha kuishi upya. Moja ni amiodarone, ya kutuliza mapigo. Haipatani na jua. Mtu wa Malindi anayeitumia akienda sokoni mchana uso unaungua kama aliyekaa ufuoni siku nzima, na rangi inaweza kugeuka kijivu. Wifi sasa hutoka asubuhi mapema au baada ya alasiri, kwa kofia pana na mtandio, na wanaomwona hudhani kasilimu. Haipatani na balungi pia, na kule nyuma ya nyumba yao kuna mbalungi unaozaa mpaka unainama. Matunda yote twala sisi. Kila baada ya miezi kadhaa anapimwa ini na tezi ya shingoni, kwa sababu ya dawa hiyohiyo.

Majirani walianza kuogopa vikombe. Ilibidi mamangu atumie ulimi wake: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, wala kukumbatiana, wala kulala nyumba moja. Unapita kwa damu, kwa kiungo cha kupandikizwa, kwa mimba, na huko kwao kwa mdudu au kinywaji ambacho mdudu amesagwa humo. Kwa upande wa damu yapo ya kuangalia hapa kwetu. Benki zetu za damu hupima Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Chagas haimo. Kwa hiyo wifi hatoi damu, hata jamaa akiwa kitandani na watu wanaitwa, na husema sababu mwenyewe bila kungoja kuulizwa.

Katika pochi yake tumeweka kadi ndogo ya plastiki. Upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Kiingereza: alizaliwa Bolivia, ana Chagas, ana kovu kwenye ncha ya moyo, ana kifaa, anatumia dawa hizi. Nimeiandika mimi, na jina la nchi nimeliweka mstari wa kwanza kabla ya jina lake.

Ana ndugu wanne waliolelewa chini ya paa lile. Baada ya MRI aliwapigia simu mmoja mmoja. Dada yake wa Bergamo alikwenda kupimwa wiki ileile na amekutwa na kimelea, moyo bado safi hata kwa MRI. Kaka wawili wa Cochabamba walipimwa, mmoja anao. Wa nne anasema yuko sawa.